Kanuni za wanaoanza si hati ya mashtaka

Ubishi mkali kwenye mashindano ya vindege vya ndani hautokei angani. Angani hakuna cha kubishania: kindege kikiachiwa saa inabonyezwa, kikigusa sakafu saa inasimamishwa, na aliyekaa juu muda mrefu zaidi ameshinda. Ubishi huwa mezani, nusu saa kabla, pale mtu mzima mwenye rula na mizani anapomwambia mtoto wa darasa la sita kwamba alichokijenga msimu mzima hakiruhusiwi, na mtoto anauliza ni wapi palipoandikwa.

Mimi ni mmoja wa watu wazima hao. Kwa taaluma ni mpima ardhi. Nilianzia kazi mkoani Tanga, na sasa naishi Columbus, Ohio, ambako msimu wa baridi Jumamosi zangu nyingi huishia kwenye kumbi za mpira wa kikapu za shule, nikikagua vindege kwa kujitolea. Nimeketi na waamuzi wazuri, na nimeketi na wale wanaopenda kuogopwa. Msimamo wangu nautoa mapema ili asiyekubaliana nami ajue pa kuanzia: kwenye mashindano ya wanaoanza, namba ibaki namba, palipo kimya, mtoto aruhusiwe, na penye utata, jibu litolewe kwa maandishi, kwa wote, kabla ya siku ya mashindano. Mwamuzi anayetunga kanuni mezani, hata akiwa na nia njema, amechukua kazi isiyo yake.

Kwa asiyevijua, vindege hivi havina injini wala betri. Vimeundwa kwa vijiti vya mbao ya balsa na karatasi laini au nailoni nyembamba mno, na nguvu yake yote inatoka kwenye mpira mwembamba uliofungwa kitanzi. Mtoto anausokota mpira huo mamia ya mizunguko, anauvisha kwenye ndoano mbili chini ya kijiti kikuu, na mpira unapojifungua unazungusha pangaboi la mbele. Kinaruka ndani ya jengo kwa sababu upepo mdogo tu wa nje ungekitupa ukutani. Mwendo wake ni wa mtu anayetembea bila haraka. Kinazunguka ukumbi kwa duara, kinapanda polepole hadi karibu na taa za dari, kisha kinashuka kadiri mpira unavyoishiwa. Mtoto anayeanza akipata dakika moja anafurahi. Akipata mbili, kocha wake anaanza kutembea kwa maringo.

Mchezo huu una heshima kuliko unavyoonekana. Tarehe 18 Agosti 1871, Mfaransa Alphonse Pénaud alirusha kindege cha mpira kwenye bustani ya Tuileries, Paris, kikaruka kwa sekunde 11 kikiwa kimejisawazisha chenyewe, mkia ukifanya kazi ambayo leo unaifanya kwenye ndege tunazopanda. Miaka saba baadaye, askofu mmoja wa Marekani, Milton Wright, aliwaletea wanawe wawili zawadi ya kichezeo kilichobuniwa na Pénaud huyo huyo: helikopta ya koki, mianzi na karatasi, inayoendeshwa na mpira. Wilbur alikuwa na miaka 11, Orville 7. Walikirusha hadi kikavunjika, wakatengeneza vingine. Dayton, mji wa akina Wright, si mbali na ninapoishi, na hapa Ohio hakuna mzazi asiyeijua hadithi hiyo. Wanachosahau ni kwamba watoto wale wawili hawakukuta meza ya ukaguzi.

Leo meza ipo, na lazima iwepo, kwa sababu bila kanuni hakuna kushindana. Chama cha warusha ndege za mfano cha Marekani, kinachojulikana kwa kifupi AMA, kilianzishwa mwaka 1936 na makao yake yako Muncie, Indiana. Kina madaraja mengi ya vindege vya ndani, ya wakongwe na ya wanaoanza. Kwa upande wa shule, kuna Science Olympiad, iliyoanza mwaka 1984, ambapo timu za wanafunzi hushindana katika mambo ya sayansi, na mojawapo mara nyingi huwa ni chombo kinachoruka kwa mpira: misimu mingine ndege, misimu mingine helikopta, na vipimo hubadilishwa ili asiyetaka kufikiri asiishi kwa kunakili cha kaka yake. Juu kabisa kuna daraja la dunia la FAI, shirikisho la kimataifa la michezo ya anga, liitwalo F1D: upana wa mabawa usiozidi milimita 550, uzito usiopungua gramu 1.4, mpira usiozidi gramu 0.4, na mabingwa wake hukaa hewani karibu nusu saa kwa nguvu hiyo hiyo ya mpira. Wamewahi kushindania ubingwa wa dunia chini ya ardhi, kwenye mgodi wa chumvi wa Slănic nchini Romania, kwa sababu hewa ya mle haitikisiki.

Watu wa F1D wakibishana kuhusu kanuni, wana kamati, wana rufaa, wana uzoefu. Mtoto anayeanza ana boksi la kadibodi tu. Ndiyo maana nasema usomaji wa kanuni zake unahitaji uangalifu kuliko usomaji wa kanuni za mabingwa.

Kila namba kwenye karatasi ya kanuni ina kazi. Kiwango cha chini cha uzito kimewekwa ili mtoto asiye na hela ya balsa nyepesi ya kuchagua aweze kujenga kwa balsa ya duka la kawaida na bado ashindane. Kikomo cha pangaboi kimewekwa kwa sababu pangaboi kubwa linalozunguka taratibu hutumia vizuri nguvu ya mpira, hivyo bila kikomo kila mtu angelazimika kutengeneza kubwa na gumu kulisawazisha. Kikomo cha uzito wa mpira kinaweka sawa nishati ya kila mshindani, ili tofauti itokane na ujenzi na urushaji. Mwamuzi asiyejua kazi ya namba ataitetea namba kwa kelele tu. Anayeijua kazi yake ataweza kumweleza mtoto, na mtoto ataelewa hata kama ameumia.

Mfano mzuri wa namba iliyokosekana ni daraja la Marekani liitwalo Easy B. Lilikusudiwa kuwa rahisi kwa wote: bawa lenye upana usiozidi inchi 18, kutoka mbele hadi nyuma inchi 3, kijiti kikuu cha mbao isiyo na uwazi ndani, pangaboi la mbao. Uzito haukuwekewa kiwango cha chini. Wakongwe wakaingia. Wakachagua balsa kwa kuipima kipande kwa kipande, wakachonga vijiti hadi vikawa kama nywele, na leo wajenzi hodari wanatoa Easy B yenye uzito wa chini ya nusu gramu. Karatasi moja ya A4 ya ofisini ina gramu 5. Yaani kindege kizima, mabawa, mkia na pangaboi, hakifikii sehemu ya kumi ya karatasi unayochapia barua. Hakuna mtoto anayeanza atakayekishika kitu hicho bila kukivunja. FAI ilipolichukua daraja hilo na kuliita F1L, iliweka kiwango cha chini cha gramu 1.2.

Sasa zingatia jambo moja. Wakongwe wale hawakuvunja kanuni yoyote. Walisoma palipoandikwa na wakasoma palipoachwa. Kosa, kama lilikuwepo, lilikuwa la karatasi, na dawa yake ilikuwa kuandika karatasi nyingine. Hakuna aliyetakiwa kuwafukuza ukumbini kwa kosa la kusoma vizuri.

Daraja la Pennyplane lilianza na kinga. Waliolibuni waliamua kwamba kindege kisipungue uzito wa senti moja ya Marekani, takriban gramu 3.1. Ni wazo zuri, kila mtu ana senti mfukoni. Lakini mwaka 1982 Marekani ilibadilisha senti yake, ikaacha shaba na kutumia zinki iliyopakwa shaba kwa nje, na sarafu mpya ikawa na gramu 2.5. Angekuwepo mwamuzi anayetumia sarafu kama jiwe la mizani, kindege cha mwenye senti mpya kingekuwa chepesi kwa gramu 0.6 kuliko cha jirani yake, na wote wawili wangeapa kwamba wamefuata kanuni. Daraja lilisalimika kwa kuwa kipimo kimeandikwa kwa gramu. Novemba 2025 Marekani ikaacha kutengeneza senti za matumizi ya kila siku, na vindege vya Pennyplane vinaendelea kupimwa gramu 3.1 vilevile. Jina likifa, namba inabaki. Kwa hiyo mtu asinielewe vibaya: ninaposema mtoto aruhusiwe palipo kimya, sisemi namba zilegezwe.

Tuje mezani basi, maana huko ndiko mambo yalipo.

Shauri la kwanza ni la upana wa bawa. Chukua kanuni inayosema bawa lisizidi sentimita 45, bila kueleza namna ya kupima. Mtoto amejenga bawa lenye kipande cha kati cha sentimita 30, kisha ncha mbili za sentimita 10 kila moja, zimeinuliwa kwa nyuzi 45 ili kindege kisiyumbe. Ukilinyoosha bawa hilo mezani kwa kufuata mbao, ni sentimita 50, na mtoto amefukuzwa. Ukilipima kama linavyoruka, kutoka ncha hadi ncha kwa mstari wa mlalo, ni sentimita 44 na milimita moja, na mtoto amepita. Waamuzi wawili waaminifu, rula moja, majibu mawili.

Mimi huwa upande wa mlalo, na si kwa huruma. Shamba la mteremko kule Lushoto likipimwa, eneo linaloandikwa kwenye hati ni la mlalo, kama mtu anayelitazama kutoka juu kabisa. Hakuna anayelaza mnyororo juu ya kila kilima na kumtoza mwenye shamba kwa ajili ya mabonde yake. Hewa nayo inalikuta bawa likiwa limesimama jinsi linavyoruka. Lakini hoja yangu haiko kwenye nani ana haki kati ya mlalo na mbao. Kanuni ingeongezwa maneno manne tu, "likipimwa kwa mstari mlalo", au maneno mengine manne ya kinyume chake, na yule mtoto angejenga kwa kujua. Palipokosekana maneno hayo, njia zote mbili za kupima ni halali, na kati ya njia mbili halali sioni sababu ya kuchagua ile inayomfukuza aliyejenga.

Shauri la pili lilitokea mbele yangu. Binti mmoja alileta kindege chenye mabawa mawili, moja juu ya jingine, kama ndege za vita vya kwanza vya dunia. Kanuni za msimu ule zilitaja upana wa bawa na upana wake wa mbele hadi nyuma. Hazikusema bawa liwe moja. Mwenzangu mezani alikunja uso. Akasema kila mtu anajua kindege cha wanaoanza kina bawa moja, na kwamba mabawa mawili ni kukiuka roho ya kanuni. Binti hakujibu. Mama yake, mtu wa Uvira, alikuwa nyuma ya kamba ya wazazi, akaniuliza kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini, "Baba, wapi waliandika?"

Tulifungua karatasi. Hapakuwa na mahali. Nikamwuliza binti kwa nini aliamua hivyo, nikitaka tu kusikia. "Anko," akasema, "kindege changu kilikuwa chepesi sana, nilikuwa nabandika udongo wa plastiki ili kifike uzito. Nikaona badala ya kubeba udongo, nibebe bawa." Hapo ndipo nilipoacha kumsikiliza mwenzangu. Mtoto huyu alikuwa ameelewa kiwango cha chini cha uzito kuliko watu waliokiandika: kama lazima ubebe gramu, zibebe zikufanyie kazi. Bawa la pili linaongeza eneo la kunyanyua, kindege kinaruka polepole zaidi. Lina gharama zake pia, maana linaongeza ukinzani wa hewa na ni kazi kulinyoosha sambamba na lile la kwanza. Aliruhusiwa, na maelezo yakaandikwa kwenye fomu. Msimu uliofuata waandaaji waliongeza kwenye kanuni kwamba bawa liwe moja. Hiyo ni haki yao na siipingi. Kanuni yenye tundu hushonwa msimu unaofuata, haishonwi mgongoni mwa mtoto.

Shauri la tatu ni la mizani, na hapa mimi ni mkali. Kijana mmoja kindege chake kilikosa gramu 0.03 kufikia kiwango. Baba yake alikuja juu: nyumbani walipima jioni iliyotangulia, kilikuwa sawa. Nilimwamini, kwa sababu namjua adui aliyemfanyia hivyo. Balsa na karatasi hunywa unyevu wa hewa. Jikoni kwao, sufuria ikichemka, kindege kilikuwa kimenenepa. Ukumbini, mashine za kupasha joto zilikuwa zimeikausha hewa tangu alfajiri, na kindege kikapungua. Hata hivyo namba ni namba. Hakikupita. Nilichomwambia kijana ni kwamba foleni bado ndefu, udongo wa plastiki uko kwenye meza ya pili, abandike punje moja chini ya kijiti, karibu na mahali kindege kinaposawazika kikishikwa kwa vidole viwili, kisha arudi. Alirudi, kikapita, na wala baba yake hakulazimika kuniomba upendeleo.

Huo ndio ukali ninaoutetea. Namba isiyobembelezeka, pamoja na nafasi ya kurekebisha. Mwamuzi anayepima na kusema "umefutwa" huku foleni ikiwa na watu ishirini ametumia kanuni kama rungu.

Najua jibu la wanaonipinga, na si jibu la kipuuzi. Wanasema: ukiruhusu kila kisichokatazwa, watu wazima werevu watapenya, na watoto watajikuta wanashindana na wahandisi. Historia ya Easy B inawaunga mkono. Wanasema pia kwamba hakuna karatasi inayoweza kutaja kila kitu, hivyo lazima mwamuzi awe na mamlaka ya kusema "hii haifai" hata kama haikuandikwa.

Nakubali nusu. Kanuni za jumla za Science Olympiad zenyewe zinaweka jambo hili vizuri: kisichokatazwa kinaruhusiwa, mradi kiwe salama na kiendane na roho ya shindano. Tatizo ni kwamba waamuzi wengi wanasoma kuanzia "mradi". Nusu ya kwanza ndiyo kanuni. Ya pili ni breki, na dereva haendeshi gari kwa breki. Roho ya shindano la vindege vya mpira ni hii: mwanafunzi ajenge, nguvu itoke kwenye mpira uliopimwa, kindege kiruke chenyewe. Mtoto akificha chanzo kingine cha nguvu, amevunja roho hiyo. Akileta kindege kilichojengwa na mtu mwingine, amevunja. Akibuni mkia wa umbo la ajabu, au mabawa mawili, au kijiti kilichopinda, hajavunja chochote isipokuwa mazoea ya aliyeketi mezani.

Na kuhusu watu wazima kupenya, tutazame wanapopenyea kweli. Hawapenyi kupitia utata wa kanuni. Wanapenya kupitia gereji ya nyumbani. Tuliosoma Tanzania tunawakumbuka mamluki wa UMISSETA, michezo ya shule za sekondari: wachezaji walioazimwa kutoka nje wakavalishwa jezi ya shule. Kwenye vindege mamluki ni baba. Kindege kinafika mezani kimesawazishwa kwa ustadi wa miaka thelathini, na mtoto aliyekibeba hajui ndoano ya nyuma inatolewaje. Huyu hapiti vibaya kwenye mizani. Hupita safi kabisa, sentimita kwa sentimita. Mwamuzi aliyetumia asubuhi nzima kumbana mwenye mabawa mawili amemwacha huyu apite akiwa anatabasamu.

Dawa yake haiko kwenye rula, iko kwenye maswali na daftari. Mashindano mengi ya shule hudai mtoto alete kumbukumbu za majaribio: mpira uzito gani, mizunguko mingapi, muda gani hewani, alibadilisha nini. Daftari la kweli lina madoa ya gundi, lina siku mbaya, lina kindege kilichogonga ubao wa kikapu. Mwulize mwenye daftari hilo kwa nini kindege chake kinakata kushoto, atakueleza huku anakionyesha: mkia umepinda kidogo hapa, na pangaboi likizunguka upande huu mwili unataka kulalia upande ule. Asiyejenga hana maelezo ya aina hiyo. Sisemi afukuzwe kwa kushindwa kujibu, maana watoto wengine wana haya mbele ya watu wazima. Nasema daftari na maelezo viwe na alama za kutosha kiasi kwamba kindege cha baba kisiweze kushinda peke yake.

Kwa hiyo napendekeza mambo machache, na yote ni ya bei ya karatasi. Kila kipimo kwenye kanuni kiandikwe pamoja na namna ya kukipima: kwa mlalo au kwa kufuata mbao, pamoja na pangaboi au bila, na mpira au bila. Pembeni ya kila kanuni kuwe na sentensi moja inayosema kwa nini ipo. Kuwe na tarehe ya mwisho ya kuuliza maswali, na swali la mmoja lijibiwe mbele ya wote, ili mtoto ambaye mzazi wake hana mazoea ya kupiga simu kwa waandaaji asipitwe. Hili la mwisho linawahusu sana watoto wa wageni kama sisi. Kwenye kanuni zenye utata, anayefaidi ni yule ambaye baba yake anamjua mwamuzi. Utata huwa na upande, na upande wake haujawahi kuwa wetu.

Baada ya tarehe hiyo, penye shaka mtoto apewe nafasi. Uamuzi uandikwe, usomwe kwa sauti, na ufikishwe kwa waandaaji ili kanuni ya msimu ujao iwe bora. Mwamuzi asiyeweza kuweka kidole kwenye mstari wa karatasi asitamke neno "haruhusiwi".

Kuna jambo moja kwa wasomaji wa nyumbani, hasa walimu wanaopeleka wanafunzi kwenye maonyesho ya Young Scientists Tanzania au kwenye mashindano ya sayansi ya shule za Kenya. Wengine wameshaniuliza kama mchezo huu unaweza kuanzishwa huko. Unaweza, na ukumbi wa shule wenye dari la kawaida unatosha. FAI yenyewe hutenganisha rekodi za vindege vya ndani kwa urefu wa dari, na kundi la chini kabisa ni majengo yasiyofika mita 8. Tahadhari yangu ni kwamba msinakili kanuni za huku neno kwa neno. Nyingi zimeandikwa na watu ambao balsa kwao inapatikana duka la jirani, hivyo zinasema vijiti viwe vya balsa, vya sehemu moja ya kumi na sita ya inchi. Balsa nyingi duniani inatoka Ecuador. Mwanafunzi wa Muheza atakayeambiwa lazima awe na balsa ameshafutwa kabla hajaanza, na safari hii aliyemfuta ni karatasi.

Andikeni uzito, upana, na mpira. Muwaachie watoto mbao. Wekeni kiwango cha chini cha uzito kikiwa juu, ili kindege cha mianzi iliyochanwa au cha moyo wa bua la mtama kikifikie bila shida. Mpira ununuliwe na waandaaji na ugawiwe sawa, kipande kwa kipande, kutoka bunda moja. Kisha msimu wa kwanza ukiisha, kaeni na watoto walioshinda na walioshindwa, muwaulize wamepata matundu gani kwenye kanuni zenu. Watakuwa wameyapata, maana mtoto anayejenga husoma kanuni kwa makini kuliko aliyeitunga. Zibeni yale yanayowaumiza wenzao, na yaliyobaki yaacheni wazi, kwa kuwa humo ndimo watakamobuni mambo ambayo ninyi hamkuyafikiria.